Sura ya Sita: Kusukutua au Kupitisha Uzi, Lipi Lihifadhilo Fizi?

Swali ambalo watu wa Musoma hawaachi kuuliza kila wasimamapo mbele ya rafu za duka la dawa, na ambalo huulizwa vilevile Bunda kando ya barabara kuu iendayo Mwanza na Butiama katika vibaraza vya zahanati, ni hili: ikiwa mtu hupiga mswaki kila siku, kisha akasukutua kwa dawa ya chupa hata kinywa chake kikanukia mnanaa, ana haja gani tena ya kujitaabisha kwa kupitisha uzi katikati ya meno? Swali hili ni la haki, wala halitoki katika uvivu. Chupa ya dawa ya kusukutua ni bidhaa ya kuonekana, yenye rangi ya kupendeza na maandishi ya kuahidi siha. Uzi wa meno ni kijisanduku kidogo kiwekwacho nyuma ya sabuni, na katika maduka mengi ya vijijini haupatikani kabisa. Mwenye fedha ya kununua kimoja tu kati ya viwili hivyo anastahili jibu lililo wazi, na jibu langu, ambalo sura hii itajitahidi kulitolea hoja, ni kwamba fedha hiyo aitoe kwa kitu kinachokwangua kabla ya kuitoa kwa kitu kinachomiminwa.

Ufizi na adui wake

Ufizi ni nyama laini iizungukayo shingo ya jino na kuufunika mfupa wa taya uliolishika jino hilo. Ukiwa na afya huwa umekaza, umelibana jino pande zote, wala hautoki damu unapoguswa. Wengi wetu tuna weusi wa asili katika fizi zetu, na weusi huo si maradhi. Lakini kwa sababu yake wekundu wa uvimbe, ambao katika vitabu vya Ulaya hutajwa kuwa dalili ya kwanza, kwetu aghalabu haudhihiriki upesi. Kwa hiyo dalili ya kutegemewa ni damu: damu katika mswaki, damu katika mate ya asubuhi, damu katika hindi la kuchoma lililong'atwa sasa hivi.

Adui wa ufizi ni ukoga, yaani ule utando laini, mweupe au wa manjano, ambao mtu huusikia kwa ulimi anapoamka. Utando huo ni maskani ya vijidudu visivyohesabika, ambavyo matabibu huviita bakteria, vikiwa vimejifungamanisha vyenyewe kwa vyenyewe kwa ute vinaoutengeneza na kulishikilia jino kwa nguvu. Ukoga hauwangoji watu wale nyama wala sukari. Huanza kujijenga upya saa chache tu baada ya meno kusafishwa, awe mwenye kinywa ni mtoto au mzee, tajiri au fukara. Ukiachwa mahali pake, vijidudu vyake huuchokoza ufizi, na ufizi hujibu kwa kuvimba na kutoka damu. Hatua hii ya kwanza huitwa uvimbe wa fizi, na fadhila yake ni kwamba huponyeka kabisa.

Ukiachwa zaidi ya hapo, madini yaliyomo katika mate huugandisha ukoga ukawa ugaga, ambao ni mgumu kiasi kwamba hakuna mswaki wala uzi uwezao kuubandua. Ndipo huja hatua ya pili, maradhi ya fizi na mfupa: ufizi hubanduka kutoka katika jino, mfuko hufanyika kati ya nyama na mzizi, vijidudu huingia humo vikakaa kwa amani, mfupa wa taya huliwa polepole pasipo maumivu makubwa, na jino, ambalo pengine halina hata tundu moja, hulegea, hucheza, na mwisho hung'oka. Mfupa ulioliwa haurudi wenyewe. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2022, lilikadiria kwamba maradhi haya yakiwa makali yamewapata watu zaidi ya bilioni 1 ulimwenguni, na katika nchi yetu wengi wao hudhani kuwa ni uzee tu umewafikia.

Kwamba ukoga ndio chanzo, jambo hilo lilithibitishwa kwa njia nyepesi sana. Katika majaribio yaliyochapishwa mwaka 1965, Harald Löe, tabibu Mnorwei, pamoja na wenzake katika chuo cha meno cha Aarhus, Denmark, waliwaomba watu 12 wenye fizi nzima, wengi wao wanafunzi wa chuo, waache kabisa kusafisha meno. Kati ya siku 10 na 21 fizi za wote zilikuwa zimevimba, hakuna aliyesalimika. Walipoanza tena kusafisha, ikawatosha muda wa juma moja hivi fizi kurudia uzima. Msomaji asiyapite maneno haya kwa haraka, maana yanamhusu yule ambaye, akiona damu, huuweka mswaki kando kwa kuhofia kuongeza jeraha. Damu ile yamtaka asafishe zaidi, kwa upole.

Meno ya mbele na magego

Watu wa Mara tangu zamani waliyatukuza meno. Wazanaki walikuwa na desturi ya kuyachonga meno ya mbele ya juu yakawa na ncha, na Mwalimu Julius Kambarage Nyerere, aliyezaliwa Butiama mwaka 1922 na kuzikwa huko huko mwaka 1999, alichongwa meno yake kwa desturi hiyo kama vijana wa rika lake. Waluo wa Rorya, walio kaskazini ya mkoa huo huo, walikuwa na ada ya kung'oa meno sita ya mbele ya taya la chini. Ada hizo zinazidi kupotea, nami sizitaji kwa kuzisifu wala kwa kuzilaumu. Nazitaja kwa kuwa zaonyesha jinsi macho ya wanadamu yanavyopenda kutua juu ya meno yanayoonekana, hali maradhi ya fizi hupendelea yasiyoonekana. Yeye aliyesimama mbele ya kioo akayasugua meno ya mbele mpaka yakang'aa, kisha akatoka kwenda kazini Mukendo au sokoni Nyasho, ameuacha ukoga wote katikati ya magego yake, mahali ambapo hakuna atakayepaona ila tabibu.

Kuna pia jambo jingine lipotoshalo macho. Katika sehemu nyingi za kaskazini ya Tanzania, na baadhi ya vijiji vya Mara vikiwemo, maji ya visima yana floridi nyingi, madini ambayo kwa kiasi kidogo huimarisha jino lakini yakizidi wakati mtoto akiota meno huyatia madoa ya kahawia. Madoa hayo yamo ndani ya jino lenyewe. Si ukoga, si ugaga, wala hayaondoki kwa kusukutua. Na mwenye madoa hayo aweza kuwa na fizi safi kuliko jirani yake mwenye meno meupe kama maziwa. Inasikitisha kuona vijana wakiunguza vinywa vyao kwa dawa kali ili wayaondoe.

Mahali ambapo mswaki haukufika

Gego lina nyuso tano: moja ya kutafunia, moja ielekeayo shavu, moja ielekeayo ulimi, na mbili zinazotazamana na majirani zake wa kulia na kushoto. Mswaki, hata ukiwa mpya na hata mkono ukiwa hodari, huzisafisha vizuri tatu za kwanza. Zile mbili za katikati nywele zake hazipenyi. Hapo ndipo ugonjwa wa fizi hupenda kuanzia, na hapo ndipo shindano baina ya chupa na uzi linapoamuliwa.

Mtu aliyezoea ufuo wa Ziwa Nyanza pale Musoma ajua kwamba mawe yaliyo majini huwa na utelezi wa kijani, na kwamba mawimbi huyapiga mawe hayo usiku na mchana, mwaka hata mwaka, wala utelezi hauondoki. Lakini mama afuaye nguo akilisugua jiwe mara moja kwa brashi au kwa kisigino, jiwe huwa safi. Ukoga una tabia hiyo hiyo. Maji, hata yakiwa na dawa, hupita juu yake. Tabaka la nje huuawa, tabaka la ndani husalia likiwa limehifadhiwa na ute wake, na kwa kuwa limesalia, baada ya saa chache hujijenga tena.

Jambo hili halikugunduliwa jana. Mwaka 1683 Antoni van Leeuwenhoek, mwuza vitambaa wa mji wa Delft huko Uholanzi, ambaye hakuwa tabibu lakini alikuwa stadi wa kutengeneza hadubini, yaani chombo cha kukuzia vitu vidogo, alikwangua ukoga kutoka katika meno yake akautazama, akastaajabu kuona viumbe hai wakiogelea ndani yake. Alikuwa amesukutua kwa siki kali, na bado akawakuta wazima katika ukoga uliokuwa kati ya meno. Lakini alipouchanganya ukoga huo na siki nje ya kinywa, walikufa mara moja. Akahitimisha kwamba siki aliyosukutua iliwaua wale wa nje tu, wala haikupenya ndani ya ukoga wote. Zimepita karne tatu na zaidi, dawa zimekuwa bora kuliko siki, na hoja ya mwuza vitambaa yule ingali imesimama.

*Kwa ufupi mpaka hapa:* ugonjwa wa fizi huletwa na ukoga. Ukoga wenye madhara zaidi hukaa kati ya meno. Mswaki haufiki huko. Na kioevu hufika huko lakini hakipenyi.

Fadhila za kusukutua, na mipaka yake

Isidhaniwe kwamba nadharau kusukutua. Ni desturi njema na kongwe. Mwislamu husukutua katika kila udhu; katika nyumba za pwani mgeni hupewa maji baada ya chakula anawe mikono na kusukutua; na wazee wa bara walisukutua kwa maji ya chumvi kabla chupa za dukani hazijajulikana. Kusukutua huondoa mabaki ya chakula yaliyolegea, huburudisha kinywa, na baada ya jino kung'olewa, kuanzia siku ya pili, maji ya vuguvugu yenye nusu kijiko cha chai cha chumvi katika glasi moja husaidia kidonda kuwa safi. Hayo yote ni kweli, na maji ya chumvi hayagharimu kitu.

Dawa za dukani zenyewe si za aina moja, na mnunuzi asiyejua tofauti zake hulipa fedha nyingi kwa jambo dogo. Aina ya kwanza ni ya manukato tu: huficha harufu ya kinywa kwa muda, kisha harufu hurudi kwa kuwa chanzo chake hakikuguswa. Aina ya pili ina floridi, nayo yafaa kuzuia meno yasitoboke, jambo ambalo ni jema lakini silo tunalozungumza hapa. Aina ya tatu ina mafuta ya mimea kama mnanaa na mkaratusi, na baadhi yake huwa na pombe zaidi ya asilimia 20. Hupunguza ukoga kiasi, na waumini wanaochelea pombe hiyo waweza kupata zisizo nayo. Aina ya nne ni ile yenye klorheksidini, dawa ya kuua vijidudu, na hiyo ndiyo yenye nguvu kuliko zote.

Klorheksidini yastahili kuelezwa peke yake, kwa sababu ni dawa kwelikweli na hutumiwa vibaya. Mwaka 1970 Löe yule yule, pamoja na mwenzake Schiött, walionyesha kwamba watu waliosukutua kwa klorheksidini mara mbili kwa siku, bila kupiga mswaki, hawakujenga ukoga kama ilivyotazamiwa. Je, hoja ya Leeuwenhoek imevunjika? La. Watu wale walianza na meno yaliyokwisha kusafishwa barabara, na dawa ilizuia ukoga mpya usijengwe. Kuuzuia ukoga ambao bado haujajengwa ni jambo moja, na kuuvunja uliokwisha jengeka ni jambo jingine. Tena dawa hiyo ikitumiwa kwa majuma mengi huyatia meno na ulimi madoa ya kahawia na kuubadili utamu wa chakula, hata mtu akala sato wa kukaanga asiuonje vizuri. Kwa sababu hizo tabibu huiandika kwa muda maalumu: baada ya upasuaji wa kinywa, kwa mgonjwa ambaye mikono yake haiwezi kushika mswaki, au kwa aliyevunjika taya likafungwa kwa waya. Na aliyeandikiwa asiitumie papo hapo baada ya dawa ya meno, maana sabuni iliyomo katika dawa nyingi za meno huipunguzia nguvu. Apishe nusu saa au zaidi. Watoto walio chini ya miaka 6 wasipewe dawa yoyote ya kusukutua, kwani huimeza.

Kesi iliyokwenda mbele ya hakimu

Shindano baina ya chupa na uzi liliwahi kufikishwa mahakamani, na habari yake yafaa kujulikana Musoma kama inavyojulikana New York. Listerine, dawa ya kusukutua mashuhuri kuliko zote, ilitengenezwa Marekani mwaka 1879 kwa ajili ya kusafishia majeraha na vyumba vya upasuaji; baadaye ikauzwa kwa matabibu wa meno, na tangu mwaka 1914 ikauzwa madukani kwa kila mtu. Mwanzoni mwa karne hii kampuni ya Pfizer, iliyokuwa ikiimiliki, ilitangaza kwamba dawa hiyo ni sawa na uzi katika kuzuia ukoga na uvimbe wa fizi. Watengenezaji wa uzi, waliokuwa chini ya Johnson & Johnson, wakashitaki.

Mnamo Januari 2005 Jaji Denny Chin alitoa hukumu kwamba tangazo hilo ni la uongo na la kupotosha watu. Sababu zake zafaa kutafakariwa na kila mtu asomaye matangazo. Pfizer ilikuwa na majaribio mawili ambamo waliosukutua na waliopitisha uzi walilingana. Lakini ilidhihirika kwamba katika majaribio hayo wale waliopewa uzi, kwa kadiri miezi ilivyosonga, hawakuutumia ipasavyo. Basi kilichothibitishwa, akasema jaji kwa maana yake, ni kwamba dawa ile yalingana na uzi uliotumiwa vibaya. Tena waliojaribiwa walikuwa wenye uvimbe mdogo au wa kadiri, hali tangazo liliwafikia hata wenye mfupa ulioanza kuliwa, ambao wangeacha uzi kwa kuliamini na kudhurika. Kabla ya mwaka 2006 kwisha, Johnson & Johnson ikainunua Listerine, hata uzi na chupa vikawa na mwenye mali mmoja. Hukumu haikubadilika kwa kuwa mwenye mali amebadilika.

Uzi, na namna ya kuutumia

Levi Spear Parmly, tabibu wa meno wa New Orleans, aliandika kitabu mwaka 1819 akiwahimiza watu wapitishe uzi wa hariri kati ya meno kila siku. Hariri ilikuwa ghali na hukatika, na uzi ukabaki kuwa mambo ya matajiri mpaka miaka ya 1940, wakati hariri ilipoadimika kwa sababu ya Vita Kuu ya Pili na nailoni ikachukua mahali pake. Na aliyeitetea sana nailoni, Charles Bass, alikuwa naye tabibu wa New Orleans.

Wengi walioujaribu uzi na kuuacha waliutumia kama msumeno, juu na chini kati ya meno mawili, wakatoa kipande cha nyama kilichokwama, wakaona kazi imekwisha. Kutoa nyama ni starehe, hasa baada ya nyama choma ya jioni au maembe ya msimu, lakini kijiti cha kuchokolea chafanya hivyo pia. Kazi ya uzi ni kuukwangua ukoga katika nyuso zile mbili, iwe pana kitu kilichokwama au hapana. Namna yake ni hii:

1. Kata uzi wa urefu wa sentimita 45 hivi, uzungushe sehemu kubwa katika kidole cha kati cha mkono mmoja na kidogo katika cha mkono wa pili, ubaki mfupi wa sentimita 2 au 3 kati ya vidole.
2. Upenyeze kwa kuuchezesha polepole; usiushindilie kwa nguvu ukaanguka juu ya ufizi na kuukata.
3. Ukiisha kupenya, uinamishe ulikumbatie jino moja, ushuke nao mpaka chini kidogo ya ukingo wa ufizi, kisha uupandishe ukiwa umelibana jino. Fanya hivyo mara kadhaa.
4. Bila kuutoa, uinamishe upande wa pili, ulikumbatie jino jirani, ukwangue vivyo hivyo.
5. Sogeza uzi hadi sehemu iliyo safi, uende mwanya unaofuata, usiyasahau magego ya mwisho.

Yatosha mara moja kwa siku, na wakati ulio bora ni usiku kabla ya kulala. Siku za kwanza damu itatoka. Ni fizi zilizokwisha kuvimba ndizo zitokazo damu, na katika muda wa juma moja au mawili, kwa aliye katika hatua ya kwanza, damu hukoma. Isipokoma, asiendelee kungoja, amwone tabibu.

Nyuzi zisizofaa

Kwa kuwa uzi wa dukani haupatikani kila mahali, watu wa kandoni mwa ziwa hutafuta badala yake, nami nalazimika kusema kwa ukali kidogo. Uzi wa nyavu, ule mwembamba wa nailoni uliopatikana kwa wavuvi wa Mwigobero au Guta, ni imara mno na mwembamba mno. Hukata ufizi kama wembe. Uzi uliochomolewa katika mfuko wa salfeti huwa na vumbi la mbolea au la kitu kingine kilichobebwa humo. Njiti ya kiberiti huvunjika na kuacha kibanzi ndani ya nyama. Uzi wa pamba safi wa kushonea, usiotiwa rangi, ukikunjwa mara mbili, haudhuru ukitumiwa kwa upole, ingawa hukatika. Ni afadhali huo kuliko kukosa kabisa.

Na mswaki wa mti? Kijiti cha mswaki au cha muarobaini, kikitafunwa ncha mpaka kikawa laini na kupitishwa kwa upole ukingoni mwa ufizi, husafisha vizuri nyuso za nje, na hapana sababu ya mtu kukionea haya. Nyuso za kati hakizifikii, sawa na mswaki wa dukani.

Je, si imesemwa kwamba uzi haukuthibitishwa?

Wapo waliosikia habari hizo, nao hawakudanganywa kabisa. Mwaka 2016 magazeti ya Marekani yalieleza kwamba miongozo ya serikali ya nchi hiyo haikutaja tena uzi, na kwamba ushahidi wa faida yake ni dhaifu. Mwaka 2019 Cochrane, jumuiya ya kimataifa inayokusanya na kupima tafiti za tiba, ilihitimisha kwamba kupitisha uzi pamoja na kupiga mswaki huenda kukapunguza uvimbe wa fizi kuliko mswaki peke yake, na kwamba viburashi vidogo vya kati ya meno huenda vikaushinda uzi. Ila ushahidi wenyewe hauna nguvu nyingi. Msomaji mwenye insafu atauliza: basi kwa nini kuusifu?

Jibu ni kwamba tafiti nyingi zilikuwa za muda mfupi, na ugonjwa wa mfupa huchukua miaka. Tena wachunguzwa, kama wale wa kesi ya New York, aghalabu hawakufunzwa wala hawakusimamiwa. Udhaifu upo katika mikono yetu zaidi kuliko katika uzi. Hili ni jambo zito, maana chombo kinachohitaji ustadi ambao watu wengi hawana hakiwezi kuwa dawa ya umma bila mafundisho, na mafundisho hayo, katika shule zetu za msingi na kliniki zetu za wajawazito, ni machache mno. Natamani siku ambapo mtoto wa darasa la tano Kiabakari ataonyeshwa matumizi ya uzi kwa vidole vyake mwenyewe, kama aonyeshwavyo kunawa mikono.

Wapo wasiopaswa kuingoja siku hiyo. Mwenye kisukari hupatwa na maradhi ya fizi kwa urahisi zaidi, na maradhi hayo nayo huifanya sukari yake iwe ngumu kutawalika. Mama mja mzito fizi zake huvimba kwa ukoga ambao zamani haukumsumbua, kwa sababu ya mabadiliko ya homoni zake. Na mvuta tumbaku yumo katika hatari ya peke yake, kwani moshi huipunguza damu ya fizi, hata ile dalili niliyoitaja mwanzo isionekane, akadhani yu salama hali mfupa unaliwa.

Siku ya kukwanguliwa ugaga

Ugaga ukiisha kuganda, mjadala wa chupa na uzi umepitwa na wakati kwa siku hiyo. Lazima ukwanguliwe na tabibu wa meno kwa vyombo vyake. Huduma hiyo hupatikana katika hospitali zenye kliniki ya meno, na wenyeji wa vijiji vya mbali wafanye safari ya Musoma au Bunda kwa ajili yake kabla jino halijaanza kucheza, maana wengi wetu huenda kwa tabibu siku moja tu, siku ya kung'oa.

Aliyekwanguliwa mara ya kwanza hurudi nyumbani na malalamiko mawili. La kwanza, meno yake yanapata ganzi akinywa maji baridi. Hilo hupungua kwa siku chache au majuma machache. La pili, meno yameachana, kuna mianya ambayo haikuwepo, na pengine humlaumu tabibu kwa kumharibia. Mianya hiyo ilikuwepo tangu ufizi uliporudi nyuma. Ugaga ndio ulioijaza. Sasa iko wazi, na kwa mianya mipana ya namna hiyo uzi si chombo bora, kwa kuwa hupita katikati bila kuzigusa kingo zote mbili za mzizi. Amwombe tabibu kiburashi kidogo cha kati ya meno, amchagulie unene unaopenya kwa kubana kidogo bila kulazimishwa, na amwonyeshe mbele ya kioo, jino kwa jino, kabla hajaondoka kitini.